Nyota 2 kwa ofisi ya "Korea bila mtihani" hapa Tashkent, nyota 5 kwa darasa la mwalimu wetu

Naanza na hela maana najua ndo kitu cha kwanza mtu anataka kujua. Walitaka dola 3,500 wampeleke shemeji yangu Korea Kusini, tukatoa 1,500 za kianzio, visa haikutoka, na mpaka leo naandika tumerudishiwa dola 400 tu. Jina la ofisi siliweki kwa sababu bado tunawadai na sitaki kuharibu, ila kama unaishi Tashkent na umeshaona tangazo la Telegram limeandikwa "Koreya imtihonsiz", yaani Korea bila mtihani, basi ofisi za aina hiyo ndo nazungumzia na hii tuliyoenda sisi ni mojawapo. Nimewapa 2 badala ya 1, sababu nitaisema huko chini. Naeleza yote kwa kirefu maana wenzangu kadhaa mlioolewa huku mmeshaniuliza kuhusu mashemeji zenu na kila mara najikuta naeleza nusu nusu kwenye simu alafu mtoto analia nakata.

Mi nafundisha Kiingereza hapa Tashkent, mume wangu kwao ni Andijon, kule bonde la Fergana, na tunayemzungumzia ni mdogo wake, miaka 27, fundi wa plasta na vigae, mkono wake mzuri kweli, jiko letu lote kaliweka yeye. Ananiita kelinoyi, ndo wanavyomuita mke wa kaka. Baba mkwe alifanya kazi kiwanda cha magari cha Asaka tangu kilipofunguliwa 1996 enzi za Daewoo, wahandisi wa Kikorea walikuwa wanakula nao kantini moja, kwa hiyo nyumba ile neno Korea lina heshima yake tangu zamani na ndo maana tangazo lile liliingia kirahisi hivyo.

Lakini kabla ya Korea ilikuwa Urusi, na lazima niieleze kwanza, la sivyo hutaelewa kwa nini kijana mwenye akili zake anatoa dola 1,500 kwa mtu asiyemjua.

Watu wanadhani Urusi ni rahisi kwa sababu Mwuzbeki haitaji visa. Visa haitaji kweli, ila anahitaji patent, kile kibali cha kazi cha kulipia kila mwezi. Ukifika Moscow una siku 30 za kupeleka makaratasi, unaenda kituo cha Sakharovo nje kabisa ya mji, unapimwa damu, unachukuliwa alama za vidole, unafanya mtihani wa Kirusi na historia na sheria zao, unakata bima, ndo unapewa kadi. Alafu kila mwezi unalipa mbele, Moscow mwaka 2024 ilikuwa rubli 7,500 na 2025 ikapanda ikawa 8,900, na ukipitisha siku moja tu patent imekufa, hakuna cha faini ndogo ukaendelea, imekufa unaanza upya. Shemeji aliweka alamu kwenye simu tarehe 9 ya kila mwezi. Mpaka leo yuko nyumbani hajaifuta, ikilia tuko mezani anashika simu haraka kama mtu aliyeitwa jina.

Sa chumba kimoja naye alilala kijana wa Osh, Kirgizia. Kutoka Andijon hadi Osh ni kama kilomita 50, lugha wanasikilizana, pilau wanapika ileile, site moja, msimamizi mmoja, na yule wa Osh hahitaji patent hata kidogo maana Kirgizia iliingia Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia mwaka 2015. Uzbekistan haikuingia, tangu Desemba 2020 ni mtazamaji tu, na ule muungano wa ulinzi wa Moscow ilishajitoa 2012, hawataki kufungwa na kambi ya mtu. Mi mwanzoni nilipoelezwa haya niliona ni mambo ya taarifa ya habari. Nikaja kuelewa siku shemeji alipotuonyesha daftari lake la hesabu: safu moja chakula, safu moja chumba, safu moja hela ya kutuma kwa mama, na safu ya nne patent, patent, patent, miezi yote, na kwenye daftari la yule wa Osh safu hiyo haipo. Siasa ya nje ya nchi ilikuwa imeandikwa pale kwa kalamu ya bluu.

Na sisemi serikali ilikosea. Vita ya Ukraine ilipoanza waziri wa mambo ya nje wa wakati ule, Abdulaziz Komilov, alisimama Seneti Machi 2022 akasema wanatambua mipaka ya Ukraine na hawazitambui zile jamhuri za Luhansk na Donetsk zilizojitangaza mashariki mwa Ukraine, na hiyo si kauli ndogo kwa nchi ambayo zaidi ya watu wake milioni moja wanapata mkate wao Urusi. Mwaka 2024 hela zilizotumwa nyumbani zilifika dola bilioni 14.8 na zaidi ya robo tatu zilitoka hukohuko. Unaona mzani ulivyo. Baba mkwe anakumbuka 2013 rais Karimov aliwaita wavivu wale wanaoenda Moscow kufagia barabara, ilimuuma sana maana kaka yake mwenyewe alikuwa kule, na mpaka mwisho wa 2018 ulihitaji ruhusa ya kutoka nchini ibandikwe kwenye pasipoti ndo uende nchi zisizo za iliyokuwa Sovieti, kama Korea. Leo rais Mirziyoyev akisafiri kazi za vijana nje ni sehemu ya mazungumzo. Hilo nalipongeza kwa moyo wote.

Alafu ikaja Machi 22, 2024, lile shambulio la ukumbi wa Crocus City nje ya Moscow, zaidi ya watu 140 walikufa, waliokamatwa kwa kushambulia wakawa raia wa Tajikistan, na kuanzia pale polisi hawakuwa na muda wa kutofautisha Mtajiki na Mwuzbeki. Hosteli yao ilivamiwa usiku mara mbili, uso ukutani, simu zinakaguliwa picha kwa picha. Mtu mmoja pale site akawaletea na habari ya kusaini mkataba wa jeshi, uraia haraka na hela nyingi, wakati Uzbekistan kwenda kupigana vita ya wengine kwa malipo ni kosa la jinai, kifungu cha 154, miaka mpaka 10. Mama mkwe aliposikia hilo alisema mwanangu rudi hata kama utachunga ng'ombe mmoja. Akarudi Juni. Na afadhali, maana Februari 2025 Urusi ikaanzisha rejista ya watu wanaodhibitiwa, yaani wageni wasio na haki ya kukaa, jina lako likiingia mle hata benki hufungui akaunti na hata ndoa hufungi.

Kwa hiyo Septemba 2024 tukaenda kwenye hiyo ofisi, mimi, shemeji na mama mkwe.

Ofisi yenyewe sina neno nayo, ghorofa ya pili juu ya duka la simu, safi, ubaridi mzuri, chai ya kijani imeletwa kabla hujakaa vizuri. Ukutani ramani kubwa ya dunia imechomekwa pini nyekundu, Korea imejaa mpaka nchi haionekani. Binti wa mapokezi akamwita mama mkwe oyijon, yaani mama mpendwa, akamshika mkono akamkalisha, mama akalainika palepale. Yule meneja kijana, suti, Kirusi kizuri na Kiuzbeki kizuri, akaanza kupiga hesabu kwenye karatasi: miezi miwili anaruka, asubuhi anasoma, jioni kiwandani, dola 2,000 kwa mwezi, mwaka wa kwanza deni limekwisha, mwaka wa pili nyumba.

Nikamuuliza, "Aka (kaka), anaruka kwa visa gani?"

"D-4, opa (dada)."

"Hiyo si ya kusoma lugha?"

"Ya kusoma na kufanya kazi, yote mawili, opa, msiwe na wasiwasi."

Hapo ndo ilipo shida nzima ya hii huduma na naomba usome polepole. D-4 ni visa ya mwanafunzi wa lugha ya Kikorea. Miezi 6 ya mwanzo hufanyi kazi kabisa. Baada ya hapo unaomba kibali cha uhamiaji na unapewa masaa machache kwa wiki, na ujue lugha kwa kiwango fulani na mahudhurio yako darasani yawe mazuri. Dola 2,000 kwa mwezi kwa masaa hayo haziji, ili uzipate lazima uache darasa uingie kiwandani bila kibali, na ukiacha darasa shule inaripoti na visa inakwisha, sa wewe ni mtu aliyepitiliza muda, unajificha, ukiumia mkono kwenye mashine unaogopa hata hospitali. Wanauza njia ya mwanafunzi kwa mtu anayetafuta kazi na bei wanamtoza ya mtu anayetafuta kazi. Na mlangoni tukiwa tunatoka yule meneja alimwambia shemeji kwa sauti ndogo kwamba ukishatua hakuna anayekuuliza. Nilisikia. Nilinyamaza siku ile na najuta.

Kingine ni suala la benki. Kwa D-4 wanataka uonyeshe akiba, kama won milioni 10, ambayo ni kama dola 7,000, na familia yetu haina. Meneja akasema si tatizo, tunakuwekea hela kwenye akaunti, unachukua stetimenti, tunaitoa, dola 300. Mama mkwe akaona ni msaada. Mi nikakumbuka habari ya Novemba 2023 ambayo ilizungumzwa sana huku, chuo kimoja cha mji wa Osan Korea kiliwaweka wanafunzi 22 wa Uzbekistan kwenye basi, wakaambiwa wanapelekwa kwenye mambo ya uhamiaji, kumbe basi linaenda uwanja wa ndege wa Incheon, wakapandishwa ndege wakarudishwa, na kisa kilikuwa hilohilo la salio la benki kutofika kiwango. Polisi wa Korea wenyewe walichunguza maana kumsukuma mtu hivyo ni kosa. Lakini fikiria wale vijana wametua Tashkent usiku na mabegi, mzazi ameuza gari. Nilimwambia mume wangu hela ya kuazima ya siku moja ndo inakuja kuwarudia watoto namna hii. Akasema mama ameshaamua.

Tukalipa. Na hapa niwape kitu cha kushika, maana kama ningelijua siku ile tusingetoa hata so'm moja, hela ya huku. Hela walitaka iingie kwa Payme, ile app ya kutuma hela, kwenye kadi ya mtu, jina la mwanamke ambaye hata ofisini hatukumwona, haikwenda kwenye akaunti ya kampuni. Risiti tukaomba, wakatupa karatasi ya kuandika kwa mkono. Uzbekistan hata ukinunua mikate miwili na kilo ya karoti dukani unapewa risiti yenye msimbo wa mraba (QR) wa kuskani, mama mkwe mwenyewe wakati ule alikuwa anaziskani zote anarudishiwa asilimia moja na serikali, sembuse mtu wa dola 1,500. Na mkataba, kurasa nne, kifungu cha tatu kimesema kampuni inatoa "konsalting", ushauri tu, na matokeo ya visa hayahusiani na kampuni. Kile kifungu nilikisoma siku ya pili nyumbani. Ofisini kurasa zilipinduliwa haraka mbele ya mama, saini hapa oyijon, saini hapa.

Wiki ileile tuliyolipa kansela wa Ujerumani Olaf Scholz alikuwa Samarkand, Septemba 15, serikali mbili zikasaini mkataba wa uhamiaji. Tuliporudi kupeleka picha za pasipoti tukakuta bendera ya Ujerumani ishabandikwa mlangoni, "Germaniya ochildi", Ujerumani imefunguka. Mkataba wenyewe nimeusoma habari zake, unahusu kurahisisha njia kwa watu wenye ujuzi na vyeti vinavyotambulika, na pia Uzbekistan kuwapokea raia wake wanaorudishwa kwa kukosa haki ya kukaa, hakuna mahali umesema mtu alete dola 4,000 aende kuosha vyombo Munich. Lakini wanavuna hivyo, rais akipeana mkono na mgeni leo, kesho kuna bei ukutani. Nimeona na kwa Uingereza, ile visa ya miezi 6 ya kuchuma matunda mashambani, na Japani pia.

Na kwa Korea ni hivyohivyo, tena hapa ndo imeniuma zaidi maana njia ya kweli ipo na imekuwepo miaka mingi. Korea Kusini tangu 2004 ina mfumo wa EPS wa kuajiri wafanyakazi wa kigeni, na Uzbekistan ilisaini makubaliano yake 2006. Ni serikali kwa serikali. Upande wa huku ni Shirika la Uhamiaji la serikali, upande wa kule ni HRD Korea, shirika la umma la Korea, ofisi binafsi haina nafasi katikati na haina cha kukuuzia. Yeyote anayekuambia anakuwekea jina EPS kwa dola anakudanganya, liandike ukutani. Mtihani wa lugha ni maswali 40, nusu kusoma nusu kusikiliza, ada yake ni chini ya dola 30. Ukipasi unafanya na wa ujuzi wa mikono, jina linaingia kwenye orodha, mwajiri wa Korea anachagua, mkataba unakuja, visa E-9, mpaka miaka minne na miezi 10. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara kule kilikuwa won 10,030 kwa saa, ambayo kwa mwezi kamili ilifika won milioni 2 na kidogo, zaidi ya dola 1,400 kabla hawajakata chumba na chakula, na hiyo ni kisheria, na bima unayo.

Sipambi. EPS nayo ina ugumu wake, kupasi si kuondoka, kuna watu wamekaa kwenye orodha mpaka muda wao ukaisha bila kuchaguliwa, na ukifika kubadilisha mwajiri ni shida, mara tatu tu ndani ya miaka mitatu ya mwanzo na lazima iwe na sababu. Ukimpata bosi mbaya unavumilia sana. Lakini hata hivyo mtu anaondoka na deni dogo, na ukiondoka bila deni unaweza kusema hapana kwa bosi, ukiwa na dola 3,500 za watu huwezi.

Turudi ofisini. Kila Ijumaa shemeji anapiga simu, wanasema barua ya mwaliko inakuja, wiki ijayo, wiki ijayo. Januari 2025 jibu la visa likatoka, imekataliwa, alama imewekwa pale penye lengo la kukaa kutoeleweka. Na kweli halieleweki, mtu wa miaka 27, misimu mitatu ya ujenzi Urusi imegongwa mihuri kwenye pasipoti, neno moja la Kikorea hajui, anasema anaenda kusoma lugha. Afisa gani ataamini. Ofisi ilijua hilo tangu chai ya kwanza.

Kudai hela ndo ikawa kazi. Mara ya kwanza meneja yupo kwenye kikao, mara ya pili yuko Seoul, mara ya tatu wakatuonyesha kifungu cha tatu. Mume wangu akasema twende na barua ya malalamiko iliyoandikwa vizuri, nakala ya kupeleka Shirika la Uhamiaji na nakala ya mamlaka ya kodi kwa sababu ya ile kadi ya mtu binafsi, akaiweka mezani bila kupandisha sauti. Dola 400 zikapatikana siku ileile. Zilizobaki 1,100 waliahidi kwa mafungu, hatujaona fungu hata moja. Ukiwa na kesi kama yetu anza na hiyo nakala ya kodi, wanaiogopa kuliko polisi.

Sasa hizo nyota 2. Binamu wa mume wangu, binti wa Namangan, yeye ni mwanafunzi kwelikweli, alikuwa na cheti cha TOPIK, ule mtihani wa lugha ya Kikorea, daraja la 4 na barua ya chuo ameitafuta mwenyewe onlaini. Alienda ofisi hiyohiyo kutafsiriwa diploma na kugongewa apostile tu, ule muhuri wa hati kukubalika nje ya nchi, akalipa kidogo, ikawa ndani ya siku tisa, hakuna kosa hata la herufi kwenye jina, na yuko Daejeon sasa hivi mwaka wa pili kwa visa ya D-2, ya mwanafunzi wa chuo. Lazima niseme hilo maana ni haki. Wana mtafsiri mzuri sana pale, mama mmoja kimya yuko dirishani, huyo ukimpata mpe kazi yako bila hofu. Ukiwa mwanafunzi wa kweli na unajua unachotaka, ofisi ni duka la karatasi na karatasi zao ni nzuri. Ila kwa mwanafunzi ningesema pia angalia kwanza El-yurt umidi, ule mfuko wa serikali ulioanzishwa 2018 wa kusomesha watu nje, na kama nyumbani hawataki uende mbali Inha ya Korea ina chuo hapahapa Tashkent tangu 2014.

Nakuja kwenye sehemu ninayoipenda.

Baada ya visa kukataliwa shemeji alikaa wiki mbili hasemi na mtu. Kila asubuhi anaondoka kwenda mardikor bozor, pale vijana wanaposimama barabarani kungoja gari la kuwachukua kibarua cha siku, anarudi jioni anakula analala. Jirani yetu wa mtaa ndo akatuambia kuna mwalimu, Mkorea wa humuhumu, anafundisha kwake sebuleni kwa ajili ya mtihani wa EPS.

Wakorea wa humu ni watu ambao Stalin aliwahamisha kwa nguvu mwaka 1937 kutoka Mashariki ya Mbali ya Urusi, zaidi ya watu 170,000 walipakiwa kwenye mabehewa wakamwagwa Kazakhstan na Uzbekistan. Bibi yake mwalimu alikuwa mmoja wao. Mwalimu mwenyewe alikua anaongea Kirusi, Kikorea cha Seoul alikuja kukisoma ukubwani miaka ya 90, kwa hiyo anajua kabisa mahali ambapo ulimi wa mtu wa huku unakwama, maana wake ulikwama hapohapo. Vijana wote wanamwita opa na yeye anawaita wanangu.

Nilienda kukaa nyuma ya darasa siku moja nione hela yetu inakwenda wapi. Meza ndefu ya chakula imefunikwa kitambaa cha plastiki chenye maua, vijana 11, harufu ya ile saladi ya karoti na kitunguu saumu inatoka jikoni. Chini ya meza ana boksi, ndani kuna nyundo, bisibisi, koleo, glovu, helmeti, miwani ya kuchomelea. Anatoa kitu anapiga nacho meza. "Mangchi!" Wote: "Mangchi!" Ni nyundo. Anampa mmoja nyundo, anamwambia mwambie mwenzako kwa Kikorea akuletee, mwenzako amwambie imevunjika, umwambie bosi imevunjika. Alafu alama za usalama, amezichora mwenyewe kwenye makaratasi, usiguse, umeme, vaa kofia, kuna moto. Mtihani una hizo picha kwa hiyo mtu angeweza kukariri tu, ila yeye hapitishi alama mpaka useme ungefanya nini ukiiona. Alimrudia kijana mmoja mara sita kwenye alama ya mashine inayobana mkono. Mara sita, wengine wamekaa wanangoja, hakuna aliyenung'unika. Akasema, kwa Kirusi ili waelewe vizuri, hii ndiyo wengi hawaisomi, na vidole havioti tena wanangu.

Shemeji yangu, ambaye shule aliimaliza kwa shida, alikuwa anainua mkono kila swali la vifaa maana vifaa anavijua, ni majina tu yalikuwa yanamsubiri. Nilimwangalia nikatoka nje kidogo nikae kwenye ngazi.

Ada ni so'm 600,000 kwa mwezi, risiti anatoa, amejiandikisha na kodi. Miezi minane. Kasoro zipo, chumba ni kidogo, Julai kina joto sana na feni ni moja, sehemu ya kusikiliza anatumia spika ya zamani yenye mkwaruzo (nimemwambia anunue nyingine, vijana wanasema wakizoea mkwaruzo ule mtihani wanausikia vizuri zaidi, sikubaliani), na akijaza watu 11 anakuwa hasikilizi kila mtu vya kutosha. Tisa wangetosha. Kusoma maandishi marefu pia anapita haraka mno.

Shemeji alifanya mtihani 2025, akapasi, na ule wa mikono akapasi. Jina liko kwenye orodha, tunangoja mwajiri. Baba mkwe kila habari ya Korea kwenye televisheni anaita watu wote sebuleni, tangu ile Juni 2024 rais wa Korea alipokuja Tashkent wakasaini kununua treni za mwendo kasi za Hyundai Rotem anasema treni zinakuja, vijana wanaenda, mambo yako sawasawa. Mama mkwe hasemi, ameanza kushona koti la baridi.

Na shemeji anaendelea kwenda darasani hata baada ya kupasi, mwalimu hamtozi, anawasaidia wapya upande wa vifaa. Ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa 12 jioni. Ukitaka kumpeleka wako niandikie nikupe njia ya kumpata, mwezi huu kuna nafasi mbili, aje na daftari la mistari mipana na kama ana nyundo yake aje nayo maana ya mwalimu imelegea mpini.